Samaki wa Mlangoni mwa Mto

Walimu waliotufundisha maadili katika seminari walikuwa na mfano mmoja ambao hawakuchoka kuutumia. Mwindaji yumo porini, jua linakuchwa. Mbele yake majani yanatikisika. Labda ni mbawala, labda ni mtu anayeokota kuni. Je, yafaa apige bunduki? Darasa zima lilijibu kwa sauti moja: Hapana, haifai! Mtu asiyejua, wala hajajitahidi kujua, naye akapiga, huyo amekwisha kubali moyoni kumwua mwenzake, hata kama kwa bahati atakuta mbawala amelala pale. Tuliona jibu ni rahisi, tukafunga madaftari, tukaenda kula.

Tangu siku ile tumefundisha wakatekumeni miaka kadhaa, nasi tumetambua kwamba mfano ule ni rahisi kwa sababu mambo yake yameachana sana: mtu upande huu, mnyama upande ule. Maisha hayatuletei mara nyingi mambo yaliyoachana hivyo. Kwa hiyo leo twataka kuliuliza swali lile lile mahali pengine, si porini bali baharini, mbali sana na sisi, katika nchi ya Kanada, pale mto Fraser unapomwagika. Huko watu wavua samaki aina ya samoni kwa namna ambayo, tulipoisoma habari yake, ilitukumbusha yule mwindaji na yale majani.

Kwanza tumjue samaki. Samoni huyu aitwa sokai, jina lililotoka katika lugha ya wenyeji wa mto ule, na maana yake ni samaki mwekundu. Azaliwa katika maji matamu, chini ya changarawe ya kijito au kando ya ziwa. Kwa kawaida akaa ziwani mwaka mmoja, kisha ashuka baharini angali mdogo kama kidole. Huko akua kwa kula wadudu wadogo wa maji na kamba wadogo sana. Mwaka wake wa nne, walio wengi warudi. Nao hawarudi ovyo: kila mmoja atafuta maji yale yale alimozaliwa, akiongozwa na harufu yake. Akiisha kuingia mtoni hali tena kitu. Apanda kwa nguvu ya mafuta aliyojiwekea mwilini, wengine zaidi ya kilometa 1,000, huku mwili wake ukigeuka mwekundu na kichwa kijani. Akifika ataga, kisha afa. Jike mmoja huacha mayai 3,000 au 4,000. Wakirudi wawili tu kati ya hayo, kizazi kimesimama mahali pake, hakikuongezeka wala hakikupungua.

Mto Fraser una urefu wa kilometa 1,370 hivi. Watoka katika milima mikubwa ya upande wa mashariki na kumwagika karibu na mji wa Vancouver. Ndani yake mna vijito na maziwa mengi, na karibu kila ziwa lina ukoo wake wa sokai usiochanganyika na mwingine katika kuzaa. Lakini njia ya kupandia ni moja. Koo zote zapita mlango ule ule. Tafadhali, msomaji, shika neno hilo, kwa maana shauri letu lote limesimama juu yake.

Sisi tunaokaa kandokando ya Tanganyika na Mweru hatuijui bahari inayotembea. Maji yetu hupanda kwa mvua na kushuka kwa kiangazi, basi. Kule, mwezi na jua huvuta bahari, ikajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za maji makubwa tofauti yafika mita nne hata tano. Maji yanapokupwa, mto na bahari vyaenda upande mmoja: maji ya matope yatoka kwa kasi na kutandaza rangi yake mbali baharini, na upepo ukivuma kuelekea mto hapo ndipo mawimbi husimama kama kuta, na mashua ndogo yaona taabu. Yanapojaa, bahari yausukuma mto nyuma. Kupanda na kushuka huko kwasikika hata karibu na mji uitwao Mission, mwendo wa kilometa 70 na zaidi kutoka baharini. (Mji huo ulipata jina lake kwa sababu Mapadri wa Oblati walijenga misioni pale mwaka 1861; ndugu zao walifika kwetu Kongo miaka 70 baadaye, huko Kwango.)

Sokai huja na kukaa mbele ya mlango huo. Wengine, hasa wale wanaochelewa katika majira, husubiri majuma kadhaa baharini kabla ya kuingia. Hapo ndipo mvuvi wa ndoano awangojea.

Uvuvi wake ni huu. Mashua yaenda polepole, kama mtu anayetembea baada ya kushiba. Nyuma yake zavutwa kamba kadhaa. Ili kamba zishuke chini walipo samaki, kila moja yashikizwa kwenye waya wenye tufe la risasi, kilo tano au zaidi, na samaki akikamata, kamba yajiachia yenyewe. Mbele ya ndoano chafungwa kibati king'aacho kinachozunguka majini. Sokai si mlafi wa kufukuza samaki wengine. Basi wavuvi huning'iniza vibati vingi, hata vingine visivyo na ndoano, ili vionekane kama kundi la wenzake, na kwenye ndoano yenyewe waweka kitu kidogo cha rangi ya waridi kilicho mfano wa kamba. Ndoano yenyewe, kwa sheria ya nchi, haina jino la kumzuia samaki asichomoke. Mvuvi lazima ajue maji. Mashua ikienda pamoja na mkondo, mtu aitazamaye nchi kavu adhani anakimbia, kumbe chambo chake kinalala. Ikienda kinyume, adhani amesimama, kumbe chambo kinaruka ovyo. Haitoshi kutazama pwani. Sharti asikie mkono wa maji kwenye kamba. Na saa ile maji yanapogeuka, yakiwa si ya kujaa wala ya kupwa, ndiyo saa ambayo wengi huipenda.

Na kwa nini wavua hapo, wasingoje samaki apande? Kwa sababu hapo bado ni wa bahari. Ngozi yake ni fedha tupu, nyama yake nyekundu na imejaa mafuta. Akiisha kupanda kilometa 500 ameyala mafuta yake mwenyewe, amebaki ngozi na mifupa na mayai. Hatumlaumu mtu kwa kupenda samaki mnono. Sisi pia twapenda.

Sasa angalia jambo lenyewe. Karibu kilometa 500 kutoka baharini kuna mto Adams. Kila mwaka wa nne sokai wake huja kwa wingi wa ajabu: mwaka 2010, 2014, 2018, 2022. Katika mwaka 2010 sokai wote wa Fraser walikaribia milioni 30, wingi ambao haukuonekana kwa muda wa karne nzima. Karibu zaidi na bahari, kando ya bonde la chini, kuna ziwa dogo liitwalo Cultus. Lina ukoo wake nalo. Zamani walirudi kwa makumi ya maelfu. Baadaye wakapungua vibaya sana, hata mwaka 2003 kamati ya wataalamu wa Kanada ilitamka kwamba ukoo huo umo hatarini kwisha. Na hawa wa Cultus hupita mlangoni wakati ule ule wa wale wa Adams. Wana umbo moja, rangi moja, chakula kimoja. Mvuvi hodari, hata akiwa amevua tangu utoto, hawezi kumtambua kwa macho. Wataalamu huchukua kipande cha mwili wake na kukipima, lakini jibu huja samaki akiwa amekwisha kufa.

Majani yanatikisika, ndugu. Ni yupi aliye nyuma yake?

Mtu atatuambia: «Mwalimu, mbona watuletea fumbo? Samaki wa bahari hana mwenyewe. Amkamataye ndiye mwenye mali.» Neno hili si la kipumbavu. Waroma wa kale waliliandika katika sheria zao, na kaisari Justinianus alilithibitisha katika karne ya 6: mnyama wa pori, ndege wa angani na samaki ni wa yule amshikaye kwanza. Nasi twakubali. Yule samaki aliyelala ndani ya mashua ni wa mvuvi, wala hatutamwita mwizi. Lakini sheria ile yazungumza juu ya samaki mmoja. Je, ukoo mzima nao ni wa yule amshikaye kwanza? Mtu aweza kuwa na haki juu ya kila hindi moja alilolichuma, asiwe na haki juu ya mbegu ya kijiji.

Wazee wa Kasenga walijifunza tofauti hiyo kwa uchungu. Zamani samaki aitwaye mpumbu alipanda Luapula wakati wa mvua kwenda kutaga, na nyavu zilimngoja njiani, mayai yakiwa tumboni. Wafanyabiashara Wagiriki walimnunua, akapelekwa Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi, kuwalisha watu wa migodi. Watu wale hawakuiba. Kila mtu alishika wake, akauza wake. Tangu miaka ya 1940 na kuendelea mpumbu akapungua hata biashara yake ikavunjika. Wazee walituambia jinsi maji yalivyochemka kwa migongo yao. Sisi tulipokua tulikuta hadithi, na samaki wachache.

Mwingine atasema: «Sawa, lakini mimi mwenye ndoano nachukua wawili, watatu. Nenda ukawahubirie wenye nyavu. Nenda ukawahubirie waliomwaga mawe.» Nalo neno hili lina ukweli mwingi kuliko la kwanza. Mwaka 1913 wajenzi wa reli walipasua mlima na kuyaacha mawe yaangukie mtoni mahali pembamba paitwapo Hell's Gate, yaani mlango wa jehanamu; na mwaka 1914 mlima ukaporomoka tena. Mkondo ukawa mkali hata samaki wasiweze kupita. Walikufa chini yake kwa wingi usiohesabika, na ngazi za saruji za kuwapandisha zilianza kujengwa mwaka 1944 tu. Wale wajenzi hawakuwa na ndoano hata moja mkononi. Siku hizi tena maji yenyewe yamekuwa ya moto kuliko zamani, na ziwa Cultus limepata magonjwa yake, majani mageni na uchafu. Mwaka 2009 walitazamiwa sokai zaidi ya milioni 10 katika Fraser, wakaja milioni moja na nusu hivi. Serikali iliweka tume chini ya jaji mmoja, nayo ilipotoa taarifa yake mwaka 2012 haikuona sababu moja wala mkosaji mmoja. Mwaka 2020 wakaja pungufu ya laki tatu.

Basi mvuvi wa ndoano ana haki ya kusema kwamba yeye ndiye mdogo kati ya wote. Twamkubalia. Lakini twamwomba asiende mbali zaidi. Katika kijiji chetu, kisima kikikauka, kila mtu husema ndoo yake ilikuwa moja. Udogo wa sehemu yangu wapunguza lawama yangu, hauifuti. Mwenye kutafuta mkosaji mmoja, asipompata, asifikiri kwamba jambo halikutendeka.

Twarudi sasa kwa mwindaji, maana hatutaki kumtumia vibaya. Samaki si mtu. Mwindaji akikosea, amemwua mtu asiye na mfano, na hakuna malipo. Mvuvi akikosea, ameua samaki mmoja wa Cultus. Tena mwindaji ana shaka nzito: nusu kwa nusu. Mvuvi ana shaka nyepesi: kati ya samaki elfu wa mlangoni katika mwaka wa wingi, wa Cultus ni wachache mno. Walimu wetu walitufundisha kwamba shaka nyepesi haimfungi mtu, la sivyo mwenye dhamiri nyororo hangetoka nyumbani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatuwezi kusema kwamba yule mzee katika mashua yake, akivuta kamba siku ambayo sheria imefungua mlango, atenda dhambi. Tukisema hivyo tungekuwa twasema uongo ili tuonekane watakatifu.

Na kumwambia amrudishe kila samaki majini si dawa. Sokai ni samaki laini. Magamba yake hung'oka upesi, na wengi wanaoachiliwa wafa baadaye, mahali tusipowaona. Huruma yake yaweza kuwa njia nyingine tu ya kutoona.

Lakini kuna mwingine aliye na shaka nzito, naye ni yule anayefungua mlango. Mvuvi aona kamba nne. Mwenye kufungua aona kamba elfu nyingi na nyavu zote. Kwake yeye jambo si labda. Ajua kwa hakika kwamba katika siku hizo wa Cultus watakufa, ajua hata kwa kadiri gani, asilojua ni nani atamshika. Mwaka 2005 Serikali ya Kanada ilikataa kuuweka ukoo wa Cultus chini ya sheria ya kulinda viumbe vilivyo hatarini, ikisema hasara ya wavuvi ingekuwa kubwa mno. Iliendelea kwa njia nyingine: kuwazalisha samaki kwa mikono ya watu, kupunguza siku za uvuvi. Hatutaki kuwahukumu haraka. Wavuvi nao wana watoto, na mashua za watu zina madeni. Ila twaona neno moja halikuwa sawa: hesabu ya hasara iliwahesabu waliosimama mlangoni, ambao sauti yao yasikika, na waliozaliwa baadaye hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Wala si waliozaliwa baadaye tu. Kando ya mto ule wamo watu waliokula sokai tangu kale: Wamusqueam pale mlangoni, Wastó:lō katika bonde, Wasecwepemc juu kabisa, na wengine. Wengi wao walikuwa na desturi ya kumpokea samaki wa kwanza kwa heshima, kumgawa kwa watu wote, na kuirudisha mifupa yake mtoni. Mwaka 1984 Mmusqueam mmoja, Ronald Sparrow, alishtakiwa kwa kuvua karibu na mdomo wa mto kwa wavu wa pima 45, na ruhusa ilikuwa pima 25. Kesi ilikwenda mpaka mahakama kuu ya Kanada. Mwaka 1990 majaji waliweka utaratibu: kwanza wapite samaki wa kutosha kwa uzazi, pili wapate wenyeji, kwa chakula na kwa sherehe zao, ndipo wafuate wengine. Mvuvi wa kujifurahisha asimama nyuma ya hao. Twapenda utaratibu huo, kwa sababu wamfikiria mtu asiyeonekana kabla ya yule aliyeko mlangoni. Mtu wa juu mtoni hawezi kuchukua zaidi ya alichoachiwa. Akipata samaki mwembamba, apokea. Asipopata, hana wa kumwuliza.

Na hapo twafika kwenye lile lililotushughulisha tangu mwanzo. Mlangoni samaki ni mtamu kuliko popote, na mlangoni ndiko mvuvi asikojua amshikaye nani. Kadiri apandavyo mtoni, koo zaachana, huyu kulia, huyu kushoto, na ujuzi waongezeka. Mafuta yapungua kwa kadiri ile ile. Anayetaka kujua kwa hakika sharti ale samaki mkavu. Anayetaka mnono sharti ale bila kujua, au akubali mwingine amjulie, na siku huyo mwingine anaposema leo tumefunga, avute kamba zake, hata maji yakiwa mazuri, hata kama aona kwa macho yake samaki wakiruka elfu kwa elfu kuzunguka mashua. Twajua jinsi ilivyo vigumu. Mtu amwonaye tele mbele yake husadiki macho yake kuliko hesabu ya mwenye ofisi. Siku hizo ndizo wanazonung'unika, nasi twafikiri siku hizo, kuliko siku za kuvua, ndizo zinazoonyesha mvuvi ni mtu wa namna gani.

Kwenye kijito cha Sweltzer, kinachotoka ziwa Cultus, kuna ua wa kuhesabia samaki uliowekwa katika miaka ya 1920. Sokai wanaopanda hupitia pale, mtu awaona na kuwaandika mmoja mmoja. Hapo hakuna shaka: apitaye ni wa Cultus, kwa kuwa njia ile haiendi pengine. Wamekwisha kukonda, fedha ya ngozi imetoka, mezani hawapendezi. Yule wa mashua, kilometa mia moja na zaidi chini ya mto, labda amemshika ndugu yao mkononi, akamsifu unene wake, akamweka katika barafu.